Kilemba cha Kiranja Zuena

Sogeeni, niazimeni masikio, maana hii nainong'ona tu.

Shule moja ya bweni wasichana wote walinyoa vipara, ila kiranja Zuena hakuvua kilemba. Mimi ningemshuku! Alikuwa na chama cha siri. Msichana mmoja, Mize, alipoapishwa chamani kutunza siri, siku ya kwanza akaacha kula na wenzake, ya pili akaacha kulala, ya tatu akaacha kucheka.

"Shoga'ngu, wamekufanya nini?" akauliza Raya, rafiki yake.

"Nikisema nitakufa."

"Kwani sasa u hai?"

Raya akamshika Mize mkono, wakaenda, akamvua Zuena kilemba. Lo! Kisogoni mdomo wa zimwi, unacheka!

Mize akasahau kiapo. "Hicho kicheko changu!"

Siri ilipotajwa, lile zimwi Zuena likayeyuka, vicheko vya wasichana kumi wa chamani vikamwagika bwenini.

Yangu yameishia hapo. Wewe pembeni, mbona hujacheka?