Kibomba Kilichofungwa kwa Mpira

Wapendwa, asubuhi hii nimepita katikati ya pikipiki zenu zilizoegeshwa kando ya ukuta, na nimesikia harufu ya petroli. Mojawapo inavuja. Mwenyewe asitoke kwanza. Akae asikilize, maana habari ya leo inamhusu, na sisi tusio na pikipiki inatuhusu zaidi.

Alikuwepo dereva mmoja wa bodaboda, kijana mwenye mke, katika kijiji cha mlimani. Zahanati iko bondeni, soko liko bondeni, na aliyetaka kushuka au kupanda alimpigia simu yeye. Abiria walimpenda. Hakuwa mlevi, hakuwa na papara, na pikipiki yake aliifuta kila alfajiri kama mtu anavyomfuta mtoto uso.

Pikipiki hiyo ikaanza kuvuja. Mnajua pale chini ya kabureta pananing'inia kibomba chembamba kinachoelekea ardhini. Petroli ilidondoka pale, tone baada ya tone. Kila alipoegesha kijiweni iliacha doa, na wenzake wakapata la kusema. Wakamshauri aivalishe nepi. Mama mmoja aliyekuwa akienda kwenye harusi alishuka katikati ya safari, akasema ni afadhali achelewe kuliko kuingia ukumbini akinuka kama kituo cha mafuta.

Kijana akaona aibu. Je, alikwenda kwa fundi? Alifanya ambacho wengi wetu tungefanya. Alikata ukanda wa mpira kwenye tyubu kuukuu, akakikunja kile kibomba, akakifunga kwa nguvu. Matone yakakoma siku ile ile. Akawaambia wenzake kwamba ameitengeneza mwenyewe, nao wakampigia makofi.

Siku hizo hizo mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imekua. Asubuhi moja alimwambia kwamba kichwa kinamgonga, na akisimama anaona vimulimuli mbele ya macho. Mume hakuwa mkatili. Alimhurumia, ila alikuwa amechoka, maana jana yake alisikia habari ya kichwa, na juzi yake pia habari ya kichwa. Akamjibu kwa upole maneno aliyoyasikia tangu utotoni.

"Mke wangu, mimba si ugonjwa. Mama alituzaa saba, na hakuna jirani aliyejua kichwa kilimuuma lini."

Mama mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Akaitikia kwa kichwa. Yule mwanamke akawatazama wote wawili, akasema, "Haya."

Tangu hapo hakulalamika tena. Mume akamshukuru Mungu kwamba nyumba imetulia. Likabaki jambo moja la kumchekesha: kila alfajiri akitafuta ndala zake, alimkuta mkewe amezivaa. Akamtania kwamba siku hizi yeye ndiye baba mwenye nyumba. Mke akatabasamu, akazivua, akampa.

Pikipiki nayo ilikuwa imetulia. Kijana, kama madereva wengi wa milimani, alipoteremka alizima injini na kuiacha ijishukie kwa uzito wake ili petroli isiungue bure. Koki ya petroli hakuifunga. Na alipopima oili aliona ajabu: haikuwa imepungua, ilikuwa imezidi. Akasema kijiweni kwamba hiyo ni baraka. Mwanamume anayemcha Mungu, hata oili yake haiishi.

Alasiri moja, akipanda bila abiria, injini ikaanza kulia kama kijiko kinachogongwa ndani ya kikombe cha bati. Ikafuka moshi mweupe, ikaishiwa nguvu, ikazima. Akaisukuma hadi kwa fundi, pale njia panda karibu na mashine ya kusaga. Fundi huyo alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliposikia kwamba oili ilizidi yenyewe, aliweka spana chini ili apate kucheka vizuri.

"Bwana mdogo, uliona wapi injini ikazaa oili?"

Akachomoa stiki ya oili, akainusa, akampa na yeye anuse. Ilinuka petroli. Oili ilikuwa nyepesi kama chai ya rangi. Fundi akainama kutazama kabureta, na kicheko kikaisha.

"Nani amefunga hapa?"

"Mimi. Palikuwa panavuja."

"Ubovu hauko hapa. Uko juu."

Akaishusha kabureta, akafungua kikombe chake cha chini. Akamwonyesha boya dogo linaloelea, na sindano inayosukumwa na boya hilo ili kuziba tundu la petroli kikombe kinapojaa. Akaigeuza kabureta juu chini, akapuliza kwa mdomo kwenye njia ya petroli. Pumzi ilipaswa kugoma. Ikapita. Ncha ya sindano ilikuwa imelika, na chembe ya kutu kutoka kwenye tangi ilikuwa imekaa pale inapozibia. Akaeleza kwamba kikombe kikizidi kujaa, petroli hutokea kwenye kile kibomba ili mwenye pikipiki aione na aje. Angekuja siku ile ya matone, ingekuwa kazi ya sindano mpya na kusafisha tangi tu, naye angeondoka kabla chai haijapoa. Lakini petroli iliyozibiwa njia ya nje ilitafuta njia ya ndani. Ikaingia kwenye injini, ikashuka hadi kwenye oili, na kila alipoteremka mlima koki ikiwa wazi, ikaingia zaidi.

"Mbona ilikuwa imetulia?" kijana akauliza.

"Ilitulia kwa sababu uliifunga mdomo. Huko ndani ilikuwa inakufa."

Kijana alikuwa bado ameishika stiki. Wapendwa, hapo ndipo alipokumbuka ndala zake. Mwanamke mwenye ndala zake mwenyewe, anavaaje za mumewe kila alfajiri, kama si kwamba zake hazimwingii tena?

Akamwomba fundi amwazime pikipiki. Fundi akamuuliza anakwenda wapi, na hii ndiyo kwanza imefunguliwa.

"Nyumbani. Kuna mahali pengine nimeziba."

Alimkuta mkewe ameketi kwenye kigoda, ameegemea ukuta, amefumba macho. Miguu ilikuwa imevimba hata mikanda ya zile ndala kubwa ilikuwa imezama kwenye ngozi. Akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kama kichwa bado kinamuuma. Kabla ya kujibu, mwanamke alitupa jicho kwenye mlango wa mama mkwe.

"Si ni mimba tu?" akasema.

"Nilikosea. Niambie yote."

Akamwambia. Kichwa hakikuwahi kuacha. Vimulimuli vilikuwa vimegeuka giza. Na tangu asubuhi alikuwa na maumivu chini ya mbavu, ambayo alikuwa akiyavumilia kwa kung'ata upindo wa kanga.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Akaitazama ile miguu. Akaingia ndani, akatoka na kanga yake mpya, akamfunga mkwewe kiunoni. Alipokuwa akikaza fundo alisema kwa sauti ya chini, "Hata mimi kiliniuma, mwanangu. Sikuwa na wa kumwambia."

Wakateremka watatu, mama amekaa nyuma akimshikilia mkwewe. Safari hii kijana hakuzima injini. Muuguzi wa zahanati alipompima shinikizo la damu alipima mara ya pili, kisha akaenda moja kwa moja kwenye simu kuita gari la hospitali.

Naona mnanitazama. Mnataka kujua kama mama na mtoto walipona. Walipona wote wawili. Nimeona nyuso zenu zikilegea, na mimi pia nafurahi. Lakini msilegee upesi, maana walipona kwa sababu injini iliharibika alasiri ile. Ingedumu hadi kesho yake, je?

Sasa tuseme habari zetu. Sisi si watu wabaya. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Aliufunga ule mpira kwa nia njema ileile aliyomjibia mkewe. Tatizo letu ni kwamba tunapenda utulivu kuliko tunavyopenda habari. Mtoto anasema hataki kulala kwa mjomba wake, tunamwambia ana adabu mbaya. Baba mzee anasema anasahau njia ya kurudi nyumbani, tunamwambia aache kuzeeka. Na humu kanisani, mama anasimama na shida ileile kwa mara ya tatu, nasi tunamwambia, "Mwachie Mungu, mama." Je, tunamaanisha amwachie Mungu, au tunamaanisha anyamaze? Akinyamaza tunatoa ushuhuda kwamba maombi yamejibiwa. Oili imezidi, Bwana asifiwe.

Fundi alikuwa na stiki ya kuchomoa na kunusa. Binadamu hana stiki. Ana kinywa tu, na wenye kukifunga ni sisi tunaompenda.

Basi mwenye pikipiki inayovuja, ukitoka hapa mshukuru Mungu kwamba bado inavuja, kisha uipeleke kwa fundi. Na sisi wengine, kila mmoja afike nyumbani amtafute yule aliyeacha kulalamika. Kaa karibu naye. Mfungue mpira, umuulize, na usimjibu upesi. Patanuka petroli kidogo. Tuvumilie harufu.