Kwa Nini Nyama ya Porini Huingia Kijijini na Mguu Wake

Zama hizo mwindaji wa Kwamsanja alirudi kutoka porini na nyama tu. Alimchuna mnyama hukohuko, akamkatakata, miguu na kichwa akavitupa kupunguza uzito, na alichokileta kijijini kilikuwa vipande vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba. Ukipewa, ulishukuru. Kuuliza "Hii nyama ya nini?" ilikuwa sawa na kumwambia mwindaji kwamba humwamini, na mwindaji asiyeaminiwa hupita mlangoni pako anacheka, akaenda kwa jirani. Watu walikula paa, ngiri, nungunungu, pengine na fungo, na wote hao waliitwa kwa jina moja: kitoweo.

Nyinyi mnaoukuta mguu wenye manyoya umelala kizingitini mkaziba pua, mkasema watu wa huku wachafu, tulieni kwanza. Mguu ule haukusahauliwa pale. Aliyeagiza uwekwe ni mwanamke mmoja, Mkunde binti Sempombe, na siku alipouagiza hakuna aliyethubutu kumcheka.

Mkunde aliolewa Kwamsanja akitokea Kwedihala, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Kwao walikuwa na mwiko mmoja tu, nao ulikuwa mondo, yule paka wa mbugani mwenye miguu mirefu na masikio yaliyosimama. Wazee wa Kwedihala walisimulia kwamba babu yao wa kwanza alikuwa karibu kufa kwa kiu, akamwona mondo ameinamisha sikio chini, akachimba pale pale, maji yakatoka. Kwa hiyo hawakumla. Na aliyemla, hata kama ni mtoto wa nyumba ile, hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha mzazi anayekata roho. Walisema roho ingesikia harufu ya mla mondo, ishtuke na kupotea njia.

Miaka kumi na mmoja Mkunde aliishi Kwamsanja na mwiko wake kimyakimya, kama mtu anavyoishi na jino bovu lisilomuuma. Hakuwahi kumwambia mtu. Kwamsanja walimla mondo bila taabu yoyote, lakini mondo hapatikani kila siku, na yeye alijisemea kwamba siku akiletwa atamjua. Atamjua vipi, hakujiuliza.

Mwaka ule mvua zilichelewa, zikaja kwa pupa. Mkunde akaitisha kiwili, ile siku ya kuwaalika majirani wakulimie shamba, nawe uwapikie. Watu ishirini na wanne walikuja na majembe yao. Semvua mwindaji, jirani mwema asiyejua kunyamaza, alimletea mafurushi mawili ya nyama asubuhi na mapema. "Shemeji, leo wakulima wako watalima mpaka shamba la jirani," alimwambia, akaenda zake kulima.

Mkunde hakuwa na chungu kikubwa cha kutosha. Akateleka viwili, furushi moja hiki, furushi lingine kile, vyote vikachemka kwenye mafiga sita jikoni kwake. Akaonja chumvi, kama mpishi yeyote. Akapakua. Watu wakala, wakasifu, wakaramba vidole. Mwisho, wageni walipokwisha kushiba, yeye naye akakaa chini na ugali wake, akala mchuzi na vipande vitatu vilivyobaki chunguni. Chungu kipi? Hilo swali alikuja kujiuliza baadaye, na kwa siku nyingi hakuuliza lingine.

Siku ya nne Semvua akapita uani na podo lake la mishale begani. Podo lilikuwa limevishwa ngozi mbichi bado, ya manjano yenye madoa meusi. Mkunde alikuwa anapepeta mtama. Akasimamisha ungo.

"Shemeji Semvua, hiyo ngozi ya nani?"

"Ya yule mondo, si tulimla hapa kwako kwenye kiwili? Furushi moja paa, moja mondo. Mbona uliipika vizuri tu!"

Mtama ukamwagika. Kuku wakaja mbio. Mkunde akasimama katikati ya kuku, hajui alie, acheke au atapike, na kutapika nyama ya siku ya nne hakuna maana.

Akamshika Semvua mkono. Furushi gani lilikuwa la mondo? Semvua akafikiri kwa uaminifu wote. Lile lililofungwa kamba ya mkonge. Hapana, la mkonge lilikuwa la paa, kwa sababu paa alimpata kwanza, na kamba ya mkonge ndiyo aliyoanza nayo. Au alianza na ile ya mgomba? Kila alipozidi kukumbuka alizidi kupoteza. Alipoelewa kwa nini anaulizwa, akaanza kukubali kila kitu alichoambiwa, na shahidi wa namna hiyo ni heri usiwe naye.

Wifi yake, Mnyamisi, akaenda kuwauliza waliokula. Mmoja akasema nyama yake ilikuwa laini, bila shaka paa. Wa pili, aliyekula chungu hichohicho, akasema ilikuwa ngumu, bila shaka mondo. Bibi mmoja akaapa kwamba nyama ya paka huacha utelezi kwenye ulimi, yeye aliuhisi. Akaulizwa alikula chungu gani, akajibu alikula vyote viwili na vyote viliteleza. Wakatafuta mifupa. Mbwa walikwisha kuimaliza, na mbwa hawakuonekana na wasiwasi wowote.

Mkunde akajichunguza mwenyewe. Usiku alilala vizuri, na hilo likamtisha. Mchana alisinzia, likamtisha zaidi. Alikagua meno, akakagua kucha. Hakuona kitu. Kama alimla mondo, mbona mwili haukusema? Na kama hakumla, mbona moyo ulikuwa unapiga vile?

Ndipo ujumbe ukafika kutoka Kwedihala: Mzee Sempombe hali tena, hanywi ila dawa, anamwita binti yake.

Hapa ndipo mambo yalipokwama. Aliyemla mondo kwa hakika alikuwa na njia: aliogeshwa maji ya jivu siku saba, akawa safi. Siku saba zenyewe baba hakuwa nazo. Na hata angekuwa nazo, asiyemla hakuogeshwa kamwe, maana kumwogesha ni kuiambia mizimu kwamba amekula, na mizimu haidanganywi. Dawa ya aliyekula ilikuwapo. Asiyekula hakuhitaji dawa. Kwa asiyejua, hakuna aliyewahi kufikiria.

"Sema hukula," Mnyamisi alimwambia njiani, kwa maana hakumwacha aende peke yake. "Nani atajua?"

"Nikisema sikula na kumbe nilikula, nitampotezea baba njia."

"Basi sema ulikula."

"Nikisema nilikula na kumbe sikula, nimejifungia mlango wa baba yangu kwa uongo."

Wakafika mtoni. Mnyamisi akasema, "Wifi, nyinyi watu wa Kwedihala mna kazi." Wakacheka wote wawili, kidogo, wakavuka maji.

Walifika jua limeshapanda. Mlangoni ameketi Shangazi Namkoa, dada wa mgonjwa, kwenye kigoda, miguu amekunja. Kazi yake ilikuwa kumuuliza kila mtoto wa nyumba ile swali moja, na kila mmoja wa watoto saba waliotangulia alikuwa amejibu neno moja, akapita.

"Umeshika au umevunja?"

"Shangazi, sijui."

Namkoa alikuwa ameuliza swali lile kwenye milango mingi, na mama yake kabla yake. "Sijui si jibu, mwanangu. Umeshika au umevunja?"

Mkunde akasimulia yote: mafurushi, vyungu viwili, kamba ya mkonge, mbwa. Kadiri alivyosimulia ndivyo Shangazi alivyozidi kukunja uso, mpaka mwisho yeye ndiye aliyeonekana mgonjwa. Akawaita wazee watatu wa ukoo. Wakakutana nyuma ya nyumba, penye ghala la mtama.

Mzee wa kwanza akasema, vyungu vilikuwa viwili na mondo alikuwa katika kimoja, kwa hiyo Mkunde amekula nusu ya mondo. Nusu yake na iingie. Walicheka? Hawakucheka hata kidogo. Waliona ni hoja. Basi Mkunde akaambiwa aketi kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, wakati wao wanaendelea kutafakari juu ya nusu iliyobaki.

Akaketi hivyo. Kutoka pale aliweza kuona ndani, kitanda cha kamba, na chini ya shuka mguu mmoja wa baba yake umetokeza. Aliujua ule mguu. Una kovu la jembe juu ya kidole gumba, na kisigino kimepasuka. Angewekewa miguu mia angeuchagua huo bila kubabaika. Uso wake hakuweza kuuona.

"Nani huyo mlangoni?" Sauti ya baba ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake.

"Mkunde," Shangazi akajibu.

"Mbona haingii?"

"Hajui alichokula, kaka."

Kitanda kikatikisika, na Mkunde akaogopa, kumbe mzee alikuwa anacheka. "Mimi siku ya tatu leo mnaninywesha vitu sivijui, na hamjanitoa nje. Mwacheni aje."

"Amri hii si yangu wala yako," Shangazi alisema, machozi yanamtoka. "Wangoje wazee."

Nyuma ya nyumba wazee walikuwa wamefika kwenye chumvi. Je, kuonja ni kula? Wa pili akasema kuonja si kula. Wa tatu akauliza, akionja akameza? Wakatuma mtu aje amuulize Mkunde kama alimeza. Akasema alimeza. Wakatuma tena: alimeza kutoka chungu kimoja au vyote viwili? Akasema vyote. Basi, akasema wa kwanza, ikiwa kuonja ni kula, amekula kwa hakika na tumepata jibu. Na ikiwa kuonja si kula, tumerudi kwenye vile vipande vitatu. Wakaanza upya.

Mkunde akanyoosha mkono. Alijivuta kadiri nusu yake ya ndani ilivyomruhusu, mguu wa nje ukibaki nje kwa sababu aliahidi. Baba naye akanyoosha mkono wake kutoka kitandani. Kati ya vidole na vidole palibaki kama urefu wa mwiko wa ugali. Alitaka kuvuka. Mwili wote ulitaka. Lakini alimpenda mzee yule, akaogopa kumpotezea njia, na hofu ile ndiyo iliyomshikilia pale ingawa mlango wenyewe ulikuwa wazi. Wakakaa hivyo, mikono imenyooshwa, hadi mkono wa baba ukashuka taratibu kwenye ukingo wa kitanda.

Wazee wakatoka nyuma ya nyumba wanatabasamu, maana walikuwa wamekubaliana. Wa kwanza akasema, "Aingie."

Hapo Mkunde akaingia, mzima, miguu yote miwili. Akaushika ule mguu wenye kovu, nao ulikuwa bado una joto.

Baada ya maziko Shangazi Namkoa alisimama mbele ya nyumba ya kaka yake muda mrefu. Kisha, mwanamke mzee yule, akaushika mlango kwa mikono yake, akautikisa, akaung'oa kwenye mhimili wake, akaulaza chini.

Mkunde aliporudi Kwamsanja alimkuta Semvua anamngoja uani na furushi la nyama ya kumpa pole. Alikuwa amekonda, masikini, na lile podo la ngozi alikuwa hana tena.

"Mguu wake uko wapi?" Mkunde akauliza.

"Mguu upi, shemeji?"

"Wa huyu."

"Miguu tunaitupa porini."

"Kaulete."

Semvua akatazama jua, akatazama njia aliyotoka, akarudi porini. Alipokuja tena alikuwa na mguu mmoja wa paa, ngozi yake, kwato zake, matope yake. Mkunde akaulaza kizingitini, akauangalia mpaka akaridhika, ndipo akawasha moto. Mnyamisi aliona, na wakati mwingine mumewe alipoleta nyama naye akauliza mguu. Wanawake wa Kwamsanja wakauliza wote, na hata waume walionuna walikula wamechelewa lakini walikula.

Na tangu siku hiyo, mwindaji wa huku akirudi huacha mguu mmoja bila kuuchuna, akauweka mlangoni kabla ya salamu. Mwenye mwiko wake huona mwenyewe, akala au akaacha, wala hamuudhi mtu. Na kule Kwedihala, mzee akizidiwa, mlango wa nyumba yake hung'olewa ukalazwa uani. Mtoto akija anaingia. Hakuna anayekaa na kigoda pale.

Kama Mkunde alimla mondo au hakumla, msiniulize mimi. Aliishi hadi uzeeni, akiulizwa alijibu lilelile alilomjibu shangazi yake, na alipokuwa anakata roho watoto wake waliingia wote, wakamshika miguu. Ukweli wenyewe aliujua yule mondo, na miguu yake ilitupwa porini.