Nguchiro Aliyesemea Mtungini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kufagia nyua zao asubuhi kama sisi, palikuwa na bwawa moja lenye wakubwa wawili. Upande huu alikaa Nyati, upande ule akakaa Kifaru.

Nyati aliamini kwamba juu ya mawingu yuko Mwenye Mvua, ndiye anayewaletea maji. Kifaru aliamini kwamba huko juu hakuna mtu, mvua hunyesha yenyewe. Walibishana hivyo miaka na miaka bila kuumizana, mpaka kiangazi kimoja bwawa likapungua na vichwa vikapata joto.

Nyati akatoa amri: "Hanywi mtu hapa mpaka amshukuru Mwenye Mvua."

Kifaru naye akatoa yake: "Hanywi mtu hapa mpaka akiri kwamba Mwenye Mvua hayupo."

Haya, fikirini wenyewe. Ukishukuru, Kifaru huyo anakuja, puu, puu, puu, anakufukuza. Ukikana, Nyati huyo na pembe zake. Digidigi alijaribu kunywa kimyakimya, wakamfukuza wote wawili.

Nguchiro alikuwa mama wa watoto wanne, na kazi yake ilikuwa kuwatoa kupe wanyama wakubwa. Asubuhi alimtoa Nyati, jioni akamtoa Kifaru, na anayetolewa kupe huongea sana, maana raha humlegeza ulimi. Siku moja alirudi nyumbani akakuta mtungi mkavu, na kitinda mimba wake hana nguvu hata ya kulia. Nguchiro akaogopa kwelikweli. Akauchukua ule mtungi mtupu, akatoka.

"Shikamoo, mzee Nyati."

"Marahaba. Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja kuuliza. Huyu mzee Kifaru, unayajua mawazo yake?"

"Nayajua kuliko anavyoyajua mwenyewe."

Nguchiro akazunguka bwawa, akamuuliza Kifaru habari za Nyati. Kifaru akamjibu vilevile, neno kwa neno. Nguchiro almanusura acheke.

"Basi yaishe leo," akasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Kila mmoja aingie katika pango lile la kando ya bwawa, asemee upande wa mwenzake. Jamaa za mwenzake wakae nje wasikilize. Mnyama yeyote atakayesema mpaka wakamdhania ni mwenzao, bwawa ni lake na amri ni yake."

"Hata sasa hivi," akasema Nyati.

"Mimi umechelewa kuniambia," akasema Kifaru.

Wakaapa kwa kugonganisha kwato mbele ya jamaa zao wote, na huko kwao kiapo cha kwato hakirudi nyuma.

Nyati akaingia kwanza. Pango lile lilikuwa refu, kila sauti ilitoka nzito. "Mimi nasema hakuna Mwenye Mvua," akanguruma, "kwa sababu ni mvivu, napenda kuiba majani ya watu, na sitaki kuonwa."

Jamaa za Kifaru wakaangua kicheko. "Huyo si wetu," akasema mke wa Kifaru. "Huyo ni Nyati, tena ana hasira."

Kifaru akaingia. "Mimi nasema Mwenye Mvua yuko," akaanza, "kwa sababu radi ikipiga najikojolea, na mama alinikataza kuuliza maswali."

Mama yake Nyati, bibi kizee mwenye masikio makali, akatema nyasi. "Nilimkataza lini mwanangu kuuliza? Kifaru, toka humo."

Wakasimama juani wakilaumiana, kila mmoja akidai amesema sawasawa ila wasikilizaji ni wabishi. Hakuna aliyemwona Nguchiro akipenya pangoni na kutia kichwa mtungini. Mara, vuuum, sauti ikatoka.

"Mwaka ule wa ukame nilimwita Mwenye Mvua mpaka sauti ikanikauka. Hakuitika. Mdogo wangu akafa ubavuni mwangu. Waliotuokoa sisi wengine ni majirani waliochimba kisima kwa kwato zao. Tangu siku hiyo nawashukuru wachimbaji, na mimi nachimba. Siwezi kujidanganya."

Mke wa Kifaru akajifuta machozi. "Huyo ni mume wangu," akasema.

"Mume wako niko hapa," akasema Kifaru, bega kwa bega naye.

Sauti ikatoka tena. "Mimi radi siiogopi. Ila nikinywa maji, shukrani hunijaa kifuani, nikatafuta pa kuzipeleka. Nainua kichwa, nasema ahsante, natulia. Siku nyingine sisikii kitu, nalala na shaka. Kukicha nasema tena."

"Umesema vizuri, Nyati mwanangu," mama yake akaita kuelekea pangoni. Nyati alikuwa nyuma yake, mdomo wazi.

Nguchiro akatoka na mtungi wake.

"Umetuchezea," akasema Nyati. "Nani kakwambia nina shaka?"

"Wewe, mzee, nilipokuwa nakutoa kupe wa sikioni. Na mliapa kwa mnyama yeyote. Au mimi si mnyama?"

Amri ya Nguchiro ikawa moja: mwenye kiu anywe, anayetaka kushukuru ashukuru, asiyetaka asiulizwe. Kisha akajaza mtungi, akakimbia nyumbani.

Kule bwawani Nyati alimgeukia Kifaru. "Sikujua kama ulifiwa na mdogo wako."

"Hukuniuliza," akasema Kifaru. "Mimi pia sikukuuliza."

Nyati akasogea, akampisha anywe.

Kitinda mimba alipopata nguvu ya kusema, akauliza, "Mama, kati yao nani mwenye haki?"

"Kunywa kwanza," akasema Nguchiro.

Nanyi, wanangu, kumbukeni: kabla hujamcheka mwenzako kwa analoliamini, hakikisha unaweza kulisema mpaka mama yake akakuita mwanawe.