Nyegere Mkaguzi wa Mzinga

Paukwa!

— Pakawa!

Walioko nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo kale palikuwa na mzinga juu ya mgunga, na malkia wake ni Bibi Sega. Asali ya mzinga ule ilikuwa akiba ya watoto wake wakati wa kiangazi. Nyegere aliitamani hadi mate yakamdondoka, lakini walinzi wa mlangoni walikuwa wakali. Akavaa kanzu, akabisha hodi.

"Bibi Sega, mimi ni mkaguzi. Nataka mzinga wako uwe bora kuliko yote."

Na Bibi Sega kwa kupenda sifa, nyie! Akajibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siku ya kwanza Nyegere akawatazama walinzi. "Hawa wanaleta asali?"

"Hawaleti, bwana."

"Wavivu. Waende porini kutafuta maua."

Siku ya pili akawaona wanaopepea kwa mabawa ili ndani pawe baridi. "Hawa wanaleta asali?"

"Hawaleti, bwana."

"Wavivu. Waende."

Siku ya tatu akawakuta wachezaji, ambao kwa ngoma yao huwaonyesha wenzao maua yalipo. "Na hawa?"

"Hao wanacheza tu, bwana."

"Waende."

Ubora gani huo, jamani? Joto likapanda, nta ikalainika, watoto wakalia. Huko porini nyuki wakazunguka bure, hawajui maua yako wapi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Bibi Sega alikuwa amevikata tisa mwenyewe.

Nyegere akapanda mti akicheka. Bibi Sega aliona uchungu, lakini hakulia. Alisimama mlangoni akapepea, malkia mzima, ili harufu ya nyumbani iwafikie wanawe.

"Bwana mkaguzi," akasema, "kabla hujala, jikague. Macho yako yanakula asali?"

"Hayali."

"Masikio je?"

"Hayali."

"Na pua?"

"Pua nayo haili."

"Basi unakaa na wavivu watatu, na wewe ni mkaguzi?"

Nyegere akaona haya. Akaziba masikio na pua kwa nta, akafumba macho, akatia mkono mzingani. Hakuona wingu la nyuki likija, wala hakusikia mvumo wake. Waacheni wamchome! Alianguka, akakimbia, kanzu ikabaki mtini.

Walinzi wakarudi mlangoni, wapepeaji wakapepea, wachezaji wakacheza. Siku hiyo hakuna aliyeleta hata tone la asali. Lakini watoto walilala wameshiba, na Bibi Sega akasema huo ndio mzinga bora aliokuwa akiutaka.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, lambeni wote. Ikiwa chungu, nirudishieni kibuyu changu.