Ukindu wa Kombo

Mgeni akipiga hodi, ukindu hauchanwi. Mmeisikia, mmecheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi, nyumbani kwa Bi Mwanakheri, aliyekuwa akichana ukindu na kuusuka mikeka kule Wete.

Binti yake, Raya, alijifungua Maskati. Katika ukoo wao, siku ya saba bibi humtazama mtoto usoni, ndipo akampa jina. Bibi alikuwa Pemba, na macho yake hayakuona tena picha za kwenye simu. Mwanawe Kombo akatafuta kompyuta kuukuu yenye kioo kikubwa, akataka kuitia Linux, mfumo wa kuiendeshea.

Linux zipo za namna mbili. Moja huja kamili: unachomeka fleshi, unaanza kazi. Nyingine unaiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Kombo akachagua ya kuunga. Alimpenda mno mama yake, akaona kumpa kilichotengenezwa na wengine ni kumpunja. Akamwekea maandishi makubwa, akamtilia na rangi za kanga yake aipendayo. Fundi gani huyo, anaanza na urembo!

Siku ya saba Raya akapiga simu ya video. Sauti ikaja, picha haikuja. Kombo alikuwa hajaunga cha kuonyesha picha.

"Kimebaki kipande kimoja tu, mama."

Kipande kikadai kipande kingine. Kule Maskati wembe wa kumnyolea mtoto ulikuwa tayari, na wazee wa upande wa baba walianza kunong'ona kwamba jina watalitoa wao. Bi Mwanakheri aliwasikia. Akamgeukia mwanawe.

"Kombo, baba, mgeni akipiga hodi, mimi huchana ukindu?"

"Hapana, mama. Unatandika mkeka uliopo."

"Wewe huna uliopo?"

Alikuwa nao: ile Linux iliyo kamili, kwenye fleshi. Akaichomeka huku machozi yakimlenga. Haikupita muda, uso wa mtoto ukajaa kioo. Bibi akasogea hadi pua ikakaribia kugusa.

"Paji la mama yangu hili! Huyu ni Mize."

"Mize," Raya akaitikia, akilia.

Kombo akainamisha kichwa. Mama akamshika bega. "Ile yako usiitupe, mwanangu. Mimi nami namsukia Mize mkeka, na huo sitaki kuuharakisha."

Kombo aliimaliza baadaye, kwa raha zake, na ndiyo aliyoitumia mama hadi mwisho. Kwa hiyo sukeni, wanangu, sukeni sana. Ila mgeni akipiga hodi, ukindu hauchanwi.