Msusi Siwema na Mwenye Gazeti

Siwema alikuwa msusi, na kibanda chake kilikuwa mlangoni mwa soko. Huku vidole vikisuka, midomo ilisimulia habari zote za mji, na aliyepita alisikiliza bure.

Siku moja akatokea Bwana Msellem, mwenye gazeti la mji, kitambi kikimtangulia. Gazeti lake lilisomwa kwenye simu kwa ada ya kila mwezi, na wasomaji walikuwa wakimkimbia.

"Wewe mwanamke unanifilisi!" alifoka, akimnyoshea karatasi. "Nani atalipia kwangu kitu anachokipata bure kwako? Tia sahihi hapa kwamba hutoi tena habari bure, au nitakinunua kibanda hiki nikibomoe."

"Nisimpe mtu yeyote, bwana mkubwa?"

"Yeyote! Hata mama yako mzazi."

"Basi liandike na hilo, na wewe utie sahihi."

Msellem akatia sahihi kwa mbwembwe, akaondoka akicheka.

Juma lililofuata gazeti lilitoka na picha ya Msellem, utabiri wa mvua iliyokwisha kunyesha, na matangazo ya magodoro. Wasomaji waliobaki nao wakakimbia. Msellem akarudi kwa Siwema jasho likimtiririka.

"Mwandishi wangu amesukwa hapa kutwa nzima kama kawaida yake, nawe hukumpa hata habari moja! Sasa mimi niuze nini?"

Siwema akamwonyesha ile karatasi.

"Hata mama yangu simwambii. Ada yangu ni ya mwezi, bwana mkubwa, na hulipwa kabla ya kukaa."