Chombo cha Sikudhani

"Kwa nini wavulana wacheze ziwani, sisi wasichana tuchote maji tu?" aliuliza Sikudhani. Wazee wakakohoa. Zimwi la ziwa, wakasema, lilimeza msichana yeyote aliyeingia majini bila ndoo.

Basi akaunda chombo: akafunga vibuyu chini ya ubao, juu akaweka kanyagio la cherehani lizungushe pawa za kusukuma maji nyuma. Mara ya kwanza kikapinduka, ya pili kikazunguka papo hapo, ya tatu, jamani, kikateleza!

Zimwi likaibuka. "We kitoto, ndoo iko wapi?"

"Sina. Nacheza. Haya, nikamate!"

Likamfukuza. Lakini lilinenepa kwa hofu tu, na hofu hapo haikuwapo. Likapungua likawa kama ng'ombe, kama mbuzi, kama chura.

"Dada," likahema, "miguu hiyo ina kasi! Nipakie chomboni."

Akalipakia.

Nawe msikilizaji, binti yako akiomba kwenda kucheza, mruhusu.